Pazia halikusaidii kitu, jua lizuie nje!

Kama umepanga chumba Sinza, Tabata au Mbagala na dirisha lako linatazama magharibi, huna haja ya kuelezwa. Ikifika saa kumi na moja jioni, wenzako wako kibarazani wanapunga upepo, wewe chumba kinawaka moto. Unashusha pazia zito, lile la maua, feni unaipeleka namba ya mwisho, na bado jasho linakutoka kama umetoka kubeba zege. LUKU nayo inatafunwa tu.

Sasa msomaji wangu, hapo kwenye pazia ndipo unapopigwa bao. Kioo kina tabia moja ya ajabu. Mwanga wa jua kinaupitisha bila kinyongo, lakini pazia, kitanda na sakafu vikishachemka, joto lake hakiliachii litoke kirahisi. Pazia la ndani ni sawa na mlinzi anayemkamata mwizi akiwa ameshakaa sebuleni. Chenye maana ni kile kinacholizuia jua kabla halijagusa kioo: kofia ya zege juu ya dirisha, luva za nje, jamvi, hata mwembe.

Ujanja wenyewe si wa leo. Kule Rio de Janeiro, Brazili, jengo la wizara ya elimu lililojengwa kati ya 1936 na 1945 lina safu za luva kubwa nje ya madirisha ya upande wa kaskazini, na zinageuzwa kufuata jua. Babu zetu wa pwani nao walijua raha ya baraza pana.

Tatizo ni vipimo. Mafundi wengi wanakisia kwa jicho, kofia ile ile nyumba nzima, pande zote nne. Wapi bwana! Dar ipo kama nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana linahama. Mwezi Juni linakaa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Desemba linahamia kusini, nyuzi 73 hivi. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2, kofia ianzie pale pale juu ya kioo. Kaskazini, mchana wa Juni, sentimita 70 zinalifunika lote. Kusini, mchana wa Desemba, 36 tu zinatosha.

Magharibi je? Machi au Septemba, saa kumi na moja jioni, jua limeshuka mpaka nyuzi 20 hivi. Kofia ya kulikinga itabidi ichomoze zaidi ya mita 3! Hiyo si kofia tena, hicho ni kituo cha daladala. Upande huo unataka kitu cha kusimama mbele ya dirisha: luva, ukuta wa matofali ya matundu, mti. Au fundi asiweke dirisha kubwa huko, yaishe.

Hesabu za siku moja unazipiga kwenye karatasi. Mwaka mzima una saa 8,760, na hapo ndipo kompyuta inapoingia. Ipo programu inaitwa EnergyPlus, ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ilitoka mwaka 2001 na inagawiwa bure. Unaipa kuta, bati, vioo, idadi ya watu na hali ya hewa ya mji, yenyewe inapita mwaka mzima ikipima kivuli kinaangukia wapi na kiyoyozi kitakula umeme kiasi gani. Unajaribu kofia, unajaribu luva, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Ila mashine ni mtiifu, siyo mwerevu. Usipoiambia kuwa jirani ana ghorofa, haijui. Kivuli unakichora kama bapa, na mabapa yana makabila. Bapa la jengo ukiligeuza jengo nalo linageuka. Bapa la kiwanja, kama mti au nyumba ya jirani, linabaki palepale. Ukiyachanganya, unageuza nyumba na mwembe wa jirani unahama nao! Mwembe wenyewe lazima uutajie kiasi cha mwanga kinachopenya majani, la sivyo utahesabiwa kama ukuta wa zege. Kibaya zaidi, ukichagua ile hesabu ya vivuli vichache kabisa, programu inavipuuza vivuli vyote vya nje isipokuwa ule wa dirisha kuzama ukutani. Kofia yako ipo kwenye mchoro, kwenye majibu haipo. Mtu anakuletea makaratasi na grafu za rangi, kumbe hewa.

Haya yote yanakuhusu nini wewe mpangaji? Yanakuhusu sana. Anayeamua kofia iwepo au isiwepo ni mwenye nyumba, anayelipa LUKU ni wewe. Nondo na saruji anazinunua mara moja, joto unalilipia kila mwezi. Ndiyo maana anapendelea alumini na vioo vya bluu, vinang'aa mtaa mzima. Vinapunguza jua kiasi, sikatai, lakini kioo chenyewe kinachemka na kukupelekea joto ndani.

Dalali atapenda kukuonyesha chumba asubuhi, kukiwa kumepoa. Mwambie utakuja saa kumi na moja jioni, na kabla hujahesabu kodi ya miezi sita, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Kama umeshaingia, omba ruhusa utundike jamvi nje ya dirisha, mbali kidogo na kioo, upepo upite katikati. Majirani watacheka wiki ya kwanza.