Nyumba ya Sungura Isiyoingiwa na Siafu

Mara nyingi mtoto wa Chekalini akipewa sungura humweka katika boksi chini ya ukuta wa jiko. Siafu wakipita usiku, asubuhi hukuti sungura, wakuta manyoya.

Mkulima, msaidie mtoto wako kujenga banda la mbao lililoinuka futi 3 kutoka ardhini. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya trekta. Mafuta ya taa hayafai, hukauka upesi. Mvua ikinyesha tazama makopo, kwani yakijaa maji oili humwagika. Tena majani marefu yasiguse banda, maana hilo ni daraja la siafu.

Sakafu iwe ya wavu wa matundu ya nusu inchi, mavi yaanguke. Hiyo ni mbolea nzuri ya sukuma.

Dume akae peke yake. Jike hubeba mimba siku 31 hivi. Siku ya 27 mwekee sanduku lenye maganda makavu ya mahindi. Atanyofoa manyoya yake mwenyewe kuwatandikia watoto. Huzaliwa uchi na vipofu, na baridi ya usiku mmoja yatosha kuwaua. Upande wa upepo funika kwa gunia.