Sumukuvu: jinsi mahindi yenye ukungu yanavyovuruga seli za ini

Mahindi yakilowa mvua shambani au yakiingia ghalani kabla hayajakauka, ukungu huota. Wengi wetu huchagua yaliyo mazuri tukala, mabaya tukawapa kuku au tukapikia pombe. Lakini mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dodoma ni jirani ya wilaya yetu ya Kilosa, na chakula kikuu ni kilekile: ugali.

Sumukuvu ni nini?

Kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga wanapokula nafaka hutoa kemikali zenye sumu. Inayojulikana zaidi ni aflatoksini. Kupika hakuimalizi, na punje inaweza kuonekana safi huku ina sumu ndani.

Ini linafanya nini?

Ini hupokea sumu hiyo na kujaribu kuivunja ili itoke mwilini. Katika kuivunja hutokea zao jingine kali kuliko sumu yenyewe, nalo hunata kwenye vinasaba, yaani maelekezo ya mwili yaliyomo ndani ya kila seli.

Vinasaba vimefungwa katika kromosomu 46. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hunakiliwa ikawa pacha. Kisha nyuzi nyembamba huwashika pacha na kuwavuta, mmoja upande huu, mwenzake upande ule, ili kila seli mpya ipate 46 kamili.

Fikiria magunia yanayovutwa kwa kamba. Gunia likichanika, kipande kisichofungwa kamba hubaki njiani. Ndivyo inavyokuwa kwa kromosomu iliyovunjika: kipande kisicho na mahali pa kushikwa na nyuzi huachwa nyuma. Seli moja hupungukiwa, au kipande hicho hujitenga kikawa kiini kidogo pembeni. Seli nyingi za namna hii hufa. Chache zinazobaki huenda zikawa na maelekezo yenye makosa, zikaendelea kugawanyika bila mpangilio. Huo ndio mwanzo wa saratani ya ini, ambayo huchukua miaka mingi kujitokeza.

Sumu ikiwa nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika mara moja, kama ilivyotokea mwaka 2016. Dalili ni kutapika, maumivu ya tumbo, macho kuwa ya njano, na tumbo au miguu kuvimba. Ukiziona, nenda kituo cha afya bila kuchelewa.

Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko hatarini zaidi, kwa kuwa ini lake linashambuliwa pande mbili. Ndiyo maana chanjo ya watoto wachanga wanayopewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14 ni muhimu.

Tufanye nini?

- Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo.
- Pima ukavu: weka punje na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, endelea kuanika.
- Ondoa punje zilizooza, zilizopasuka na zilizobadilika rangi kabla ya kusaga. Kukoboa nako hupunguza sumu.
- Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au juu ya chaga, mbali na ukuta.
- Mahindi yaliyooza usimpe kuku wala ng'ombe, na usipikie pombe. Ng'ombe akila, sumu huingia kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Kutupa debe la mahindi kunauma, hasa mwaka wa mavuno haba. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye kuanika: debe lililokauka vizuri halitalazimika kutupwa.