Kuuza kwa Simu: Funzo la Vitunguu vya Singida

Ndugu Wanachama,

Kitunguu maji tunachoungia mchuzi hapa kisiwani, aghlabu hakikulimwa hapa. Kingi chatoka bara, na miongoni mwa mikoa inayosifika kwa zao hilo ni Singida. Wakulima wa Mkalama, Iramba, Ikungi na pande nyingine hupeleka mavuno yao soko la Misuna, mjini Singida, na wanunuzi huja na malori hata kutoka Kenya na Uganda. Toka hapo mpaka Dar es Salaam ni safari ya kilomita zipatazo 700, kisha bahari. Hesabuni wenyewe mikono inayopokezana kitunguu kimoja: mkulima, dalali, mwenye lori, tajiri wa jumla, mchuuzi wa soko letu. Kila mkono wadai haki yake.

Siku hizi imezuka njia nyingine. Mkulima apiga picha ya vitunguu vyake kwa simu, aitia katika WhatsApp au Facebook, na mnunuzi aliye mbali apatana naye bei na kumpelekea fedha kwa M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Dalali hayumo. Wanachama kadhaa wameniuliza: je, nasi tusiuze hivyo? Karafuu hatuwezi, maana kwa sheria mnunuzi wake ni ZSTC peke yake. Lakini ndizi, machungwa na mihogo ya mashamba yetu haina kizuizi hicho.

Jawabu langu ni hili: yafaa, ila kwanza tuzijue kazi za dalali, maana kumwondoa dalali si kuziondoa kazi zake.

Kazi ya kwanza ni kipimo. Bara, vitunguu vimeuzwa kwa muda mrefu kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Kanuni za vipimo zakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na hata hivyo lumbesa haijakwisha. Tuseme gunia lina kilo 130 na mkulima alipwa gunia moja. Kwa magunia kumi amempa mnunuzi kilo 300 bure, nazo ni magunia matatu. Simu haiponyi hilo. Akipatana kwa gunia badala ya kilo, atapunjwa kwa simu kama alivyopunjwa sokoni. Sisi tuliosoma chuoni twajua jinsi Sura Al-Mutaffifin inavyowaonya wapunjao vipimo.

Kazi ya pili ni kukausha na kuchagua. Kitunguu kilichofungwa na shingo mbichi huoza njiani na kuwaozesha wenziwe. Nyinyi mnaoanika karafuu juu ya majamvi hamhitaji kufundishwa jambo hilo. Sokoni mnunuzi hukishika kwa mkono; katika picha hawezi. Kwa hiyo aliye mbali hununua jina la muuzaji, na jina likiharibika mara moja, harudi tena.

Kazi ya tatu ni kukusanya shehena. Magunia matatu hayakodi lori. Huko Nairobi, kampuni ya Twiga Foods ilianza mwaka 2014 kwa ndizi, ikinunua kwa wakulima na kuwapelekea wenye vibanda walioagiza kwa simu. Ilikuwa na maghala na magari, na bado mwaka 2023 iliwaachisha kazi wafanyakazi wengi ili kupunguza gharama.

Basi kazi hizi tatu hazifanywi na mtu mmoja na simu yake. Wengi pamoja huziweza. Napendekeza mkutano ujao tuamue mambo matatu: mizani moja ya jumuiya iliyokaguliwa na wenye mamlaka, mtu mmoja wa kuangalia mali kabla haijafungwa, na siku moja maalumu katika juma ya kupeleka shehena. Kisha tuuze kwa kilo, kwa jina la jumuiya. Mwanachama atakayeficha mbovu chini ya nzuri ajue kuwa ameharibu jina la sote.

Kila mmoja na aje na rai yake. Asiyekubali pia aje, tumsikie.

Katibu