Jiwe gumu, mwamba dhaifu

Mara si moja nimewasikia watu wakitumia ‘jiwe’ na ‘mwamba’ kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mhandisi, sivyo. Jiwe ni kipande kinachopimwa maabarani. Mwamba una nyufa, hivyo hupimwa papo hapo ulipo.

Vipi? Huchimbwa shimo jembamba, kikateremshwa kifaa chenye mfuko wa mpira unaojazwa ili usukume kuta. Shinikizo likilinganishwa na jinsi kuta zilivyotanuka, hupatikana ukakamavu wa mwamba.

Bwawa la Malpasset, Ufaransa, lilipoporomoka mwaka 1959, zaidi ya watu 400 walifariki. Ukuta wa zege ulikuwa imara. Mwamba wa upande wa kushoto ndio ulioachia. Basi ukiambiwa, “Hapa pana mawe magumu,” uliza: na mwamba je?