Anayelipwa Nyumba Ikiuzwa

"Injinia, tafadhali, usiniharibie kazi."

Broka aliniambia hivyo Agosti mwaka jana, kwa sauti ya chini, mama mnunuzi akiwa bado jikoni anafungua na kufunga makabati. Tulikuwa katika nyumba ya vyumba vitatu upande wa Katani, hapa kaunti ya Machakos. Kilichonishtua ni rangi. Kuta tatu za sebule zilikuwa zimefifia, wa nne bado unanukia rangi mpya. Nilipitisha kiganja chini ya kona ya dirisha nikahisi mstari uliozibwa plasta, unashuka kimshazari hadi karibu na sakafu. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umepigwa randa juu ili ukubali kufunga.

Broka yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewaleta wateja kadhaa kwa petroli yake mwenyewe, na hapati hata shilingi mpaka nyumba iuzwe. Mimi, mkaguzi aliyeletwa na mama, nililipwa asubuhi ile, iuzwe isiuzwe. Ugomvi wetu huanzia hapo. Tabia huja baadaye.

(Namwita broka kwa sababu ndivyo tunavyosema huku Machakos. Dalali kwetu ni yule anayekuja na nyundo ya mnada.)

Kisheria, wakala wa nyumba na mashamba anapaswa kuwa amesajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakala ya 1984, sura ya 533. Kutoka Mlolongo hadi Joska, utawaona wengine ambao ofisi yao ni bango lililopigiliwa mtini na nambari ya simu. Wengine hawana hata kamisheni ya kukubaliana: mwenye nyumba anataka milioni 6, broka anakutajia 6.8, tofauti ni yake. Mtu wa namna hiyo ukimletea mkaguzi atakayekupa sababu ya kupunguza bei, unampunguzia yeye kwanza.

Wanunuzi wengi hunijibu kwamba benki imeshatuma mtu wake. Kweli, imemtuma mthamini. Kazi yake ni kuiambia benki iwapo nyumba inaweza kurudisha mkopo ukishindwa kulipa. Hakutumwa kuchungulia darini wala kupima upana wa nyufa, na ripoti yake si ukaguzi wako hata kama ada yake imetoka mfukoni mwako.

Sasa turudi kwenye ule ufa. Vilima vya Mua na Iveti vina udongo mwekundu, lakini ukishuka tambarare za Athi River, Syokimau na Katani unakutana na udongo mweusi, ule mafundi wanaouita bleki kotoni. Ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Agosti ardhi yake hupasuka hadi mkono unaingia; mvua ya Novemba ikija, nyufa zinajifunga na ardhi inainuka. Nyumba yenye msingi mfupi huinuliwa na kushushwa nayo kila mwaka, tena kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Ukuta haujui kupinda, kwa hiyo unapasuka pale ulipo dhaifu, yaani kwenye kona za madirisha na milango. Ufa ambao ukucha hauingii mara nyingi ni plasta tu iliyokauka haraka. Ufa wa mshazari, mpana juu na mwembamba chini, unaofuata viungo vya mawe kama ngazi, mara nyingi unakuambia upande mmoja wa msingi unazama au unainuka.

Dawa yake inajulikana, na ni nafuu ikifanywa mwanzo: kuuchimba udongo huo wote mpaka ufike kwenye maram au mwamba, au kumwaga slabu moja nzito yenye nondo chini ya nyumba nzima. Baada ya nyumba kusimama, hesabu ni nyingine kabisa.

Niliomba tuchimbe shimo dogo kando ya ukuta ili tuone msingi ulipoishia. Broka akasema mwenye nyumba hatakubali. Mama akampigia mwenyewe, naye akakubali bila shida. Kijana mmoja akachimba kwa jembe. Msingi uliishia chini kidogo ya goti, na chini yake udongo ulikuwa bado mweusi tititi. Hapakuwa na mfereji wa bati hata mmoja. Maji ya paa yalikuwa yakimwagika moja kwa moja kando ya kuta, hata kwenye kona yenye ufa.

Kuna mambo mengine ya kuangalia huku kwetu, nitayapitia haraka. Onja maji ya kisima, maana sehemu nyingi za tambarare hizi ni ya chumvi. Uliza mto ulifika wapi Aprili 2024, mafuriko yalipoingia mitaa ya Athi River. Muulize jirani, si muuzaji.

Na kabla ya ukuta, karatasi. Oktoba 2023 nyumba za Mavoko zilibomolewa baada ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuamua kwamba ekari 4,298 ni za kampuni ya saruji ya East African Portland. Syokimau iliyaona hayo Novemba 2011. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management, Mahakama ya Upeo ilisema hati miliki peke yake haimlindi mtu ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo sachi ya siku moja, yaani kuangalia tu jina lililo kwenye rekodi ya ardhi, haitoshi. Wakili afuate historia ya kiwanja mpaka kilipotoka, na mpima ardhi wako akuonyeshe bikoni za mpaka kwa miguu.

Wenzetu wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliona mvutano huu wa broka na mkaguzi wakautungia sheria: wakala wa muuzaji haruhusiwi kumpendekezea mnunuzi mkaguzi fulani. Hapa kwetu kauli ya "usijali, nina injinia wangu" bado inachukuliwa kuwa msaada.

Upande wetu nao si malaika. Kuna mkaguzi anayekuza ufa wa plasta ili ada yake ionekane imefanya kazi, na kuna anayemaliza ripoti kwa kukutajia fundi wake wa kurekebisha. Huyo naye ana bidhaa anauza.

Mama hakununua. Broka hajanipigia simu tangu siku ile.

Zamu yako ikifika, fanya ukaguzi kabla ya kutia saini. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema umeikagua mali na unaipokea ilivyo, na ile asilimia 10 ya bei unayotanguliza ikishatoka, kuirudisha ni kazi. Mtafute mkaguzi wewe mwenyewe, hakikisha amesajiliwa, mlipe kabla hajaingia ndani, na mwambie ripoti aitume kwenye simu yako, si ya broka.