Madirisha ya Juu Yaoshwe Bila Kupanda Ngazi

Kwa nini mtu hupanda ngazi kusafisha madirisha ya juu ya kanisa, zahanati au bweni? Sababu kubwa ni kwamba maji yakiachwa yakauke kwenye kioo huacha madoa meupe, hivyo lazima yafutwe kwa mkono. Tukipata maji yasiyoacha madoa, kazi yote hufanyika mtu akiwa amesimama chini.

Madoa hutoka wapi?

Maji ya kisima hubeba chumvi za ardhini, hasa za kalsiamu na magnesiamu. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Ikiwa kila lita ina miligramu 500, ndoo ya lita 10 ina gramu 5 za chumvi. Wakazi wengi wa Dodoma na Singida wanayafahamu maji hayo: sabuni haitoi povu vizuri, na birika huota gamba jeupe ndani.

Wengine wanafanyaje?

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 humtaka mwajiri aepuke kumpandisha mfanyakazi juu iwapo kazi inawezekana kwa njia nyingine. Waosha madirisha wengi huko hutumia brashi yenye mpini mrefu na mpira wa maji. Maji husukumwa kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, kisha kwenye chembe za rezini zinazonasa chumvi iliyobaki. Hawahitaji sabuni wala kitambaa. Hata hivyo, mtambo huo hutupa sehemu ya maji pamoja na chumvi, jambo ambalo ni hasara kubwa penye uhaba.

Mvua inatutosha

Maji ya mvua yana chumvi kidogo sana, kwa kuwa yalipanda kama mvuke na kuiacha chini. Parokia yenye paa la bati na gata inaweza kufanya hivi:

1. Acheni mvua ya mwanzo ioshe paa kabla ya kukinga.
2. Hifadhini maji katika tangi la plastiki lenye mfuniko. Saruji, hasa mpya, huyaongezea kalsiamu.
3. Yachujeni kwa kitambaa safi. Angusheni matone kwenye kioo na kuyaacha yakauke. Pasipo alama, maji yanafaa.
4. Pandisheni maji kwa pampu ya mgongoni ambayo haijawahi kutiwa dawa ya mimea. Sugueni fremu na kioo, kisha suuzeni kuanzia juu kwenda chini na kuacha pakauke.

Tahadhari

Mpini wa chuma au alumini usikaribie nyaya za umeme. Vioo vya rangi vilivyounganishwa kwa risasi visisuguliwe, mwiteni fundi. Maji haya yasinywewe bila kutibiwa.

Ombi letu

Kumbukumbu la Torati 22:8 huagiza kuwa paa la nyumba mpya liwekewe kizuizi, mtu asije akaanguka. Kamati zinapopanga bajeti ya usafi, na wafadhili wanapoipitia, tunaomba brashi ndefu, mpira na tangi vihesabiwe kuwa kizuizi hicho. Mtunza kanisa akianguka, hasara huifikia familia nzima.