Kenya: Si kila spika ya besi iliyonyamaza imekufa
Jijini Nairobi, ambako vijana wengi huchagua matatu kwa muziki wake, spika ya besi ikinyamaza ni hasara kwa mwenye gari. Kabla ya kununua nyingine, fundi huitenganisha na amplifaya, akapima koili kwa mita. Koili nzima ya omu 4 huonyesha zaidi kidogo ya omu 3. Mita isipoonyesha kitu, waya umekatika, pengine ule wa nje tu, ambao huungwa kwa risasi. Ukingo wa sponji ukichanika, mwingine hubandikwa kwa gundi. Kazi ngumu ni koili iliyoungua. Mara nyingi chanzo ni amplifaya iliyolazimishwa kupita uwezo wake, na isiporekebishwa, koili mpya nayo itaungua.